Diski Arobaini na Moja za Cimpunda

Kwanza niwajibu walioniandikia wiki hii.

Msomaji mmoja anasema ni aibu mama wa miaka hamsini na minne, mwalimu wa Kiingereza, mtu wa kanisani, kulia gazetini juu ya plastiki. Ndugu yangu, kama ni plastiki, funga gazeti ufungie nalo sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mwingine anataka nimtajie majina ya albamu. Sitataja hata moja. Kesho mtaingia kwenye internet, mtarudi kunifundisha bei.

Waliobaki, tuendelee.

Kwa wanaonisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Domitille. Ninakaa Ibanda na mume wangu Télesphore, fundi wa redio. Hatuna mtoto. Nina albamu mia mbili na kumi na mbili za soul ya zamani, muziki wa Wamarekani weusi wa Memphis, Detroit na Chicago. Nimezitafuta miaka thelathini. Nyingine nilizitoa Bujumbura, nyingine kwa mapadri waliokuwa wakirudi Ulaya, nyingine mbele ya bar moja iliyofungwa, mwenyewe akatupa kila kitu barabarani. Kiingereza ninachowafundisha watoto wenu nilikijifunzia humo.

Mwezi uliopita nilitoa albamu ninayoipenda kuliko zote ili nimwekee mgeni. Jalada lilikuwa lenyewe. Ndani mlikuwa na diski ya masomo ya Kijerumani.

Nilifungua majalada yote. Arobaini na moja yalikuwa na diski za uongo: nyimbo za misa, hotuba, masomo ya lugha. Mtu alikuwa amezibadilisha moja moja, kwa uangalifu, ili jalada lisilegee mkononi.

Nilimfukuza Francine, aliyekuwa amenifanyia kazi za nyumbani miaka tisa. Nilimwita mwizi mbele ya majirani. Télesphore alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia tu.

Wiki iliyopita tuliishia hapo.

Jumamosi moja, baada ya saa za masomo, nilikuwa katika chumba cha walimu nikisahihisha. Elodie, anayefundisha hesabu, akaingia na nywele mpya.

"Domi, kumbe muziki yako inafika mpaka Cimpunda."

"Muziki gani?"

"Ile yako ya Bamerika. Kuko salon moja kule, inalia tangu asubui. Na haiko ku téléphone. Ni diski, inazunguka kabisa. Nilikuwa nakuwaza tu."

Niliweka kalamu chini.

"Salon ya nani?"

"Ya binti moja, Bintu. Anasuka vizuri sana. Angalia."

Akageuza kichwa nimwone. Sikuangalia kichwa. Nilikuwa nimeshachukua mkoba.

Dereva wa moto, ile pikipiki ya abiria, alitaka kunishusha chini ya mlima wa Cimpunda, mwisho wa lami. Nikamwambia apande. Akasema kule juu ni matope, tutaanguka. Nikamwambia tukianguka tutaamka.

Sikuhitaji kuulizia salon. Niliisikia kabla ya kuiona.

Ilikuwa albamu ile ile, upande wa pili, wimbo wa pili. Nilisimama katikati ya njia nikasubiri. Mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane bangili yangu iliangukia diski ile, na tangu siku hiyo sindano huruka mahali pale. Kwa watu wote wa dunia, mwimbaji anaomba msamaha mara moja. Kwangu anaomba mara tatu.

Aliomba mara tatu.

Kilikuwa chumba cha mbao kilichopakwa rangi ya kijani. Wanawake watatu walikuwa wamekaa, vichwa nusu vimesukwa, nusu vimesimama. Binti wa miaka kama thelathini alikuwa amesimama nyuma ya mmoja wao, mèches, zile nywele za kusukia, begani.

"Karibu, maman. Ikala apa. Namaliza huyu, nakushika wewe."

Nilikaa. Mnijue: mimi nikiwa na hasira sipigi kelele mwanzoni.

"Hii muziki ni ya nani?"

"Ni yangu, maman. Unaipenda?"

"Umeitosha wapi?" Yaani, umeitoa wapi.

"Ah! Bitu ya vile habiuzishake apa." Akacheka. "Muzee wangu wa Ibanda njo ananileteaka."

Wanawake wakacheka naye. "Bintu na muzee yake!" mmoja akasema. "Kila Noël, diski. Siye tunangojea kikwembe, yeye diski."

Muzee wangu. Kwetu neno hilo ni baba, na ni mtu mzima yeyote, na ni bwana mwenye mvi anayemlea binti wa watu. Mimi nilisikia ile maana ya tatu tu.

"Tena haiko yeye mwenyewe," Bintu akaendelea, "zinatokaka kwa..."

"Inatosha," nilimkata. "Sikukuuliza mengi."

Ndipo nikaona ubao ukutani. Diski zangu zilikuwa zimepangwa juu yake, kila moja ndani ya mfuko wa kikwembe, yaani kitenge, ulioshonwa kwa mkono, wenye kifungo. Kila mfuko rangi yake. Hakukuwa na vumbi. Nyumbani kwangu baadhi ya majalada yameliwa na mende. Diski hizi zilitunzwa kuliko nilivyowahi kuzitunza mimi, na hilo ndilo lililonichoma kuliko wizi wenyewe.

"Wewe ni malaya," nikasema.

Kicheko kikakatika.

Nilienda kwenye tourne-disque, ile mashine ya kuchezea diski, nikanyanyua diski sindano ikiwa bado juu yake. Ilikwaruza hadi wanawake wakaziba masikio. Bintu akanishika mkono.

"Maman, polepole! Utaiumiza!"

"Naijua diski yangu."

"Yako? Maman, wewe ni nani?"

Sikumwambia jina. Niliishika diski kwa mikono miwili, nikaipiga kwenye pembe ya meza. Ikavunjika vipande viwili, halafu kimoja kikavunjika tena.

Niandike vizuri, mtu asije akakosea: niliyeivunja ni mimi. Hakunisukuma. Haikuniteleza. Nilipenda isiwepo duniani kuliko iwe yake.

Bintu hakunitukana. Alipiga magoti akaanza kuokota vipande, akijaribu kuvipatanisha kama sahani ya udongo. Machozi yalikuwa yakimshuka hadi kidevuni.

"Ile njo nilikuwa naipenda zaidi," akasema, wala si kwangu.

Nikatoka nje nikampigia Chrispin.

Chrispin ni mtoto wa mama yangu mdogo. Ni OPJ, yaani afisa wa upelelezi, katika kituo kimoja kidogo ambacho sitakitaja. Alipokuwa mtoto niliishi naye, nikamsomesha; ndiyo maana mimi ananiita tantine na mume wangu tonton, shangazi na mjomba. Nikimwita anakuja. Alifika na askari wawili kabla nusu saa haijapita.

"Huyu mwanamke ameniibia diski arobaini na moja," nikamwambia. "Na nimemshika, akavunja moja kwa hasira."

"Maman, haiko vile!" mwanamke mmoja akaruka, kichwa nusu. "Ni yeye mwenyewe..."

"Munyamaze, ao mupande wote ku jeep," Chrispin akasema.

Wakanyamaza. Walikuwa na watoto nyumbani.

Bintu alipandishwa jeep bila viatu. Askari walipoanza kutupa diski nyuma, ndipo aliposema neno lake la pekee.

"Tafazali, musiziweke ku jua. Zinapindika."

Nilimchukia zaidi kwa neno lile.

Nilirudi Ibanda nimejaa ushindi. Télesphore alikuwa barazani, redio ya mtu imefunguliwa mbele yake, chuma cha kuchomelea waya mkononi.

"Malaya yako iko ku cachot," nikasema.

Aliinua macho. "Nani?"

"Usinifanye mujinga. Bintu wa Cimpunda. Nimemupata na diski zangu zote. Chrispin amemufunga."

Aliweka kile chuma cha moto juu ya kitambaa cha meza. Kitambaa kikaanza kutoa moshi. Hakukiona.

"Domitille," akasema. "Bintu ni mutoto wangu."

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kwa sauti. "Mutoto wako alikufa."

"Hakufa."

Moshi ulikuwa ukipanda kati yetu. Hakuna aliyenyanyua kile chuma.

Sasa nalazimika kuwaeleza jambo ambalo sijawahi kulieleza kwa mtu, hata kwa padri.

Kabla ya kunioa, Télesphore alizaa na mwanamke wa Minova. Yule mwanamke akafa. Sisi tukiwa na miaka miwili ya ndoa, bibi mmoja mzee akafika mlangoni kwetu ameshika mkono wa mtoto wa kike wa miaka sita. Mtoto alikuwa amevaa nguo ya kanisani na amepakwa mafuta usoni, akang'aa. Walikuwa wamesafiri kutoka Minova.

Mimi wiki ile nilikuwa nimetoka kupoteza mimba ya tatu. Nilimwangalia yule mtoto, na sikuona mtoto. Niliona mtu aliyekuja kunicheka.

Nilifunga mlango. Walikaa nje hadi mchana, kisha wakaondoka. Nikamwambia Télesphore: siku nitakapomwona tena, mimi nakwenda, na wewe hautanipata.

Miezi michache baadaye akaniambia mtoto amekufa kwa surua.

Nilisema pole. Niliomba padri amsomee misa. Na moyoni, mbele ya altare, nilimshukuru Mungu. Nimeandika. Sitalifuta.

"Ulinambia surua," nikamwambia sasa.

"Nilikuambia kitu ulitaka kusikia."

"Nilimuombea misa! Ulikala pembeni yangu, ku misa ya mutoto muzima!"

"Njo. Na nilikuangalia uso," Télesphore akasema. "Ulikuwa na furaha. Siku ile nilijua nimefanya vizuri kumuficha."

Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumsikia akiongea nami hivyo. Ni mtu anayeomba ruhusa ya kufungua dirisha.

"Ulimuficha wapi?"

"Kwa dada ya papa yangu, Cimpunda. Njo alimulea mpaka akakufa. Nilikuwa namuona kila posho." Posho, yaani Jumamosi. Jumamosi zote alizoniambia anakwenda kutafuta vyuma vya redio.

"Na diski zangu? Ulikosa zawadi ingine? Juu ya nini diski zangu?"

Alikuwa akitafuta mkono wa koti, haupati.

"Télesphore. Juu ya nini zangu?"

"Juu ilipashwa kuwa kitu yako," akasema. Eti ilibidi kiwe kitu changu. Sikuelewa. "Twende tumutoshe kwanza. Kisha utanifanya vile unapenda."

Nilikwenda naye. Sitaki mdhani nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona binti akijua kuwa mimi ndiye mwenye nyumba.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika kituoni. Diski zilikuwa sakafuni zimeegemezwa ukutani. Chrispin alikuwa amekaa nyuma ya meza, PV yangu mbele yake, ile karatasi ya maelezo niliyokuwa nimeitia sahihi kule salon. Aliponiona na Télesphore alisimama kwa heshima.

"Tonton, umekuja na wewe?"

"Leta yule binti," Télesphore akasema. "Haiko mwizi. Mimi njo nilimupatia zile bitu."

Bintu akatolewa. Alikuwa na vumbi la ukuta mgongoni. Alipomwona Télesphore alikimbia kama mtoto wa shule.

"Papa! Waambie, papa!"

Chrispin aliniangalia. Kisha akamwangalia mume wangu. Alianza kujuta kuja kazini siku ile.

"Tonton, wewe ulizitosha wapi?"

"Mu nyumba yangu."

"Na tantine alijua?"

Aliyejibu ni Bintu, kwa hasira ya mtu anayeona watu wazima wakishindwa kusema jambo rahisi.

"Kama alijua? Yeye njo anazitumaka! Mukubwa, niko nakueleza tangu mchana, hutaki kuandika. Maman Domitille, bibi mwenye papa alioa, njo ananichaguliaka. Kila Noël, na kila mwisho wa masomo. Papa anazileta tu. Maman ni mugonjwa tangu zamani, hapokeake watu, njo maana sijaenda kwake. Mutume mutu Ibanda amuulize. Atasema. Ule maman mwenye alikuja ku salon, ule anasema bongo."

Alininyoshea kidole akisema hivyo, kwamba mwongo ni mimi.

Askari mmoja mlangoni aliacha kutafuna.

Chrispin akaangalia PV, pale jina langu lilipoandikwa kwa herufi kubwa. Akasema polepole:

"Binti, maman Domitille njo huyu."

Kidole kikashuka. Bintu aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwani. Nilingoja anitemee mate. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu.

Akanikaribia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Maman," akasema. "Umepona?"

Télesphore akageukia ukuta akaanza kulia. Alieleza akiwa ametupa mgongo, kama anauambia ukuta. Mtoto alipofika miaka saba alimwuliza kwa nini mama wa Ibanda alimfungia mlango. Kwenye mkoba alikuwa na diski yangu moja aliyokuwa ameichukua kwenda kuisafisha. Akaitoa akasema: maman amekutumia hii, anaomba umusamehe, ni mugonjwa. Mtoto akaishika diski akalala nayo. Noël iliyofuata akauliza kama maman hatatuma nyingine.

"Kutoka pale nikashindwa kusimama," Télesphore akasema. "Nilianza na zile hauchezeshake. Mwaka huu alifikisha makumi tatu. Nikasema nimupe ile nzuri kupita zote."

"Ninakuombeaka kila yenga, maman," Bintu aliniambia. Kila Jumapili. Bado alikuwa amenishika mkono. "Nilijua Mungu iko anasikia. Lakini leo ku salon, juu ya nini ulikasirika vile? Ni dawa?"

Alikuwa ananitafutia udhuru. Nimemvunjia diski, nimemwita malaya, nimemfungisha, na bado alikuwa ananitafutia udhuru.

Chrispin akakohoa. "Tantine, mimi niko na swali moja tu. Ulituma, ao hukutuma? Kama ulituma, hakuna wizi, nafunga dossier, kila mutu arudi kwake. Kama hukutuma, wizi iko. Na mwenyewe amekubali apa mbele yangu."

Neno moja tu. Njo. Ndiyo. Ningelisema, tungelitoka watatu.

Lakini mnielewe nilivyokuwa. Mikono iliyonishika ilikuwa ya moto na ilikuwa inampenda mtu mwingine. Alimpenda mwanamke mmoja mgonjwa wa Ibanda, mwema, anayechagua diski kitandani. Mwanamke huyo hakuwahi kuwepo. Mume wangu alikuwa amemtengeneza kama anavyotengeneza redio, kwa vyuma vyangu, kwa sababu mimi mwenyewe sikufaa. Miaka yote hiyo alikuwa na mke mwingine, na mke huyo alikuwa na jina langu.

Nilimwonea wivu. Nilitaka afe pale pale.

"Sijatuma hata moja," nikasema. "Na sijawahi kuwa mgonjwa."

Bintu akaachia mkono wangu. Hakuuvuta. Aliuachia tu, kama mtu anayeweka chini kitu cha watu.

"Basi mwizi ni mimi," Télesphore akasema. Akaanza kufungua mkanda, maana ndani hawaruhusu mikanda. "Chrispin, andika. Muachie mutoto."

"Apana!" Bintu akamshika mkanda. "Papa iko na pression ya damu. Hawezi kulala chini mule. Mukubwa, andika mimi, ni mimi zilikuwa kwangu."

"Toka apa, Bintu."

"Sitoke!"

Walivutana mkanda ule mbele ya meza, baba na mtoto, kila mmoja akitaka kufungwa. Nikaona wana paji la uso lile lile. Sikuwa nimeliona salon.

Chrispin alipiga meza kwa kiganja.

"Inatosha! Tantine, plainte ni yako, wewe njo ulishitaki. Sema wewe. Nani anabaki?"

Wote wakaniangalia.

"Wote wawili," nikasema.

Niliweka sahihi nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia Chrispin akiniita, si tantine tena, akaniita kwa jina langu tupu. Sikugeuka.

Jumapili sikwenda misa. Nilikaa sebuleni na albamu zangu mia moja sabini na moja, na sikuweka hata moja.

Kwenye saa nne asubuhi nikasikia sauti mbele ya lango. Walikuwa wale wanawake watatu wa salon, wamekaa juu ya jiwe langu la mlangoni, vichwa bado nusu vimesukwa nusu vimesimama. Walikuwa wametoka kanisani hivyo hivyo. Watu waliopita walisimama kuuliza, na wao walieleza kila aliyeuliza, bila kupunguza.

Nilifungua mlango mdogo. "Munataka nini?"

"Tunangojea mwenye kutumaliza kichwa," mkubwa wao akasema.

"Hayuko apa."

"Tunajua kwenye iko. Ni wewe ulimutia."

"Mutoke mbele ya nyumba yangu."

"Barabara haiko yako, maman. Na sheria tutaieleza vile vile. Macho yetu iliona nani alivunja ile diski."

Nilifunga. Niliwamwagia maji kwa juu ya ukuta. Hawakuondoka. Walikuwa wamezoea mvua ya Cimpunda.

Mchana Elodie akapiga simu. Nilidhani anapiga kunipa pole.

"Domitille, ni kweli vile wanasema? Ule binti alinishonea mufuko ya bure juu nilimwambia niko na rafiki anapendaka soul. Alisema nikuletee. Iko apa kwangu. Nifanye nayo nini?"

"Itupe," nikasema, nikakata.

Jumatatu nilivaa kabla ya mapambazuko. Sikujiambia ninakwenda wapi. Nilijiambia nina masomo. Miguu ikachukua njia nyingine.

Simu ililia asubuhi. Alikuwa Chrispin. Sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Maman Domitille, nakujulisha tu. Dossier nimeitia sahihi. Inapanda ku parquet leo, na watu wote wawili. Papa Télesphore hakulala vizuri, pression ilipanda, lakini anatembea." Parquet, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka.

"Kwa nini unaniambia?"

"Juu usikuje kunisumbua. Ata ukitaka kuondoa plainte, haiko tena kwangu. Iko kwa magistrat."

"Nani alikuambia nataka kuondoa?"

Nikasikia kiti chake kikisogea.

"Hakuna mutu alinambia," akasema. "Lakini nakuona ku dirisha. Uko mbele ya portail yangu tangu saa kumi na mbili."

Nilikata simu.

Lango likafunguka. Jeep ikatoka, wao wawili nyuma juu ya mbao, kati ya askari. Télesphore alikuwa amefumba macho, kichwa kwenye bega la binti yake. Bintu aliniona. Hakuniita maman wala hakuniita kitu.

Dereva akapiga honi nitoke njiani. Akapiga tena, ndefu. Akatoa kichwa dirishani akanitukana mimi na ukoo wangu.

Sikutoka.